Moyo Unaodunda Usiku wa Manane



Tumezoea kuwaandikia juu ya Injili ya Dominika, na mara nyingine juu ya ndoa na malezi ya watoto. Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuandike juu ya jambo lililotupata sisi wenyewe, mtumishi wenu, kwa sababu tunajua wapo miongoni mwenu wanaolibeba kimyakimya, na kwa sababu tuna deni la ukweli kwenu. Jambo hilo ni moyo unaokwenda mbio bila sababu, pamoja na hofu ya ugonjwa inayoambatana nao.

Lilianza mwaka 2021. Mnaikumbuka miezi ile. Mnamo Machi mwaka huo Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania aliwaeleza waandishi wa habari kwamba mapadre zaidi ya 25 walikuwa wamefariki dunia ndani ya miezi miwili, baada ya kupata shida ya kupumua. Mmoja wa ndugu zetu waliotutoka wakati huo tulikaa naye benchi moja seminari kuu, tukapewa daraja siku moja. Tulimzika Jumatano. Usiku wa Alhamisi, tukiwa tumejilaza, moyo ulisita kifuani mwetu kana kwamba umesahau zamu yake, kisha ukapiga pigo moja zito lililofika hadi kooni. Baada ya hapo ukaanza kwenda mbio kama mtu anayefukuzwa. Tukaketi kitandani, rozari mkono wa kushoto, na vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya mshipa wa mkono ule ulioshika rozari. Tulidhani tunasali. Kwa kweli tulikuwa tunahesabu.

Kulipopambazuka tulikwenda hospitali. Tulipimwa umeme wa moyo, tukapigwa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, tukapimwa wingi wa damu na tezi ya shingoni, kisha tukavalishwa kifaa kidogo kifuani kwa saa 24. Majibu yalipotoka, daktari alitueleza kwa subira. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na kwa siku nzima hufikia mapigo takriban 100,000. Katika wingi huo yapo mapigo machache yanayowahi kabla ya zamu yake. Pigo likiwahi, moyo hutua kidogo, hujaa damu zaidi, na pigo linalofuata huwa zito. Ndicho kile kishindo cha kooni. Watu wengi wenye afya wanayo mapigo hayo, na walio wengi hawayasikii kabisa. Moyo wetu, alisema, ulikuwa mzima.

Furaha ile ilidumu siku nne. Siku ya tano tulijiuliza: je, kama mashine ilikosea? Tulikwenda hospitali ya pili, na baadaye ya tatu, na kote tuliambiwa neno lilelile. Tulinunua mashine ya presha na kile kifaa cha kubana kidoleni, tukavificha sakristia, ndani ya kabati la vitambaa vya altare. Usiku tulisoma kwenye simu habari za kila ugonjwa wa moyo uliopata kuandikwa. Waamini wema walituletea majani ya mstafeli na vitunguu swaumu, tulivitumia vyote. Tulimwomba padre mwenzetu atupe Mpako wa Wagonjwa, akatupa kwa upendo. Baada ya majuma matatu tulimwomba tena. Akatukumbusha kwamba sheria ya Kanisa huruhusu kuirudia sakramenti hiyo mgonjwa akiwa amepona kisha akaugua tena, au hali yake ikizidi kuwa mbaya. Akatuuliza, “Padre, ni lipi kati ya hayo?” Hatukuwa na jibu.

Sasa tufike kwenye lile deni. Usiku mmoja wa mvua kijana alifika nyumba ya mapadre kwa pikipiki kutoka kigango cha mbali. Bibi yake alikuwa mahututi na alikuwa anaomba padre. Tulivaa koti, tukachukua mafuta ya wagonjwa, na tulipofika mlangoni moyo ukaruka. Tukarudi ndani, tukabana kile kifaa kidoleni. Kilisoma 124. Tulimwambia kijana, “Mwanangu, barabara ni mbaya. Tutakuja alfajiri.” Barabara ilikuwa mbaya kweli, ndiyo maana uongo ule ulikuwa rahisi kuusema. Tulipofika kulipokucha, akina mama walikuwa wameshaanza kuimba uani. Bibi alikuwa amefariki kabla ya jogoo wa kwanza. Yule kijana hakutulaumu. Alitupokea mkoba, akasema, “Baba, aliuliza mara mbili kama umefika.”

Kanisa linatufundisha kwamba Mungu hafungwi na sakramenti zake, na tunaamini kwamba huruma yake ilimfikia mama yule kabla yetu. Lakini sisi tumefungwa nazo. Ndiyo kazi tuliyowekewa mikono. Mama yule alinyimwa Ekaristi Takatifu, pamba ya safari ya mwisho, kwa sababu paroko wake alikuwa anahesabu mapigo ya moyo usioumwa.

Juma lililofuata tulirudi kwa daktari wa kwanza, mama mmoja Mkatoliki, tukamsimulia yote. Hakutupima. Alituuliza, “Baba, mtu akija kuungama dhambi uliyokwisha kumwondolea, akarudi kesho kuiungama ileile, na keshokutwa tena, unamwambiaje?” Tulijibu upesi, maana hilo tulifundishwa seminarini na tumelitenda kwa miaka mingi. Tulisema kwamba mtu huyo anasumbuliwa na wasiwasi wa dhamiri, na humkatazi kwa ukali, ila humruhusu kuirudia dhambi ile. Kila ukimruhusu, utulivu anaoupata hudumu siku moja na njaa yake huongezeka. Anatafuta uhakika, na kitubio hakikuwekwa kutoa uhakika wa namna ile; kinatoa msamaha, naye anatakiwa kuupokea kwa imani. Mama daktari akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi, Baba, wewe umekuwa ukija kwangu kuungama moyo wako.”

Wapendwa, tulishikwa na aibu, kisha tukacheka, kisha machozi yakatutoka. Kwa miaka mingi tumewaongoza wenye wasiwasi wa dhamiri, na ugonjwa uleule ulipotuingia kwa mlango wa mwili hatukuutambua. Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliupitia huko Manresa mwaka 1522. Alikuwa ameungama dhambi zake zote kwa uangalifu mkubwa, lakini alirudi tena na tena kuziungama zilezile, na kila maungamo yalizaa shaka mpya. Alisali saa nyingi, akafunga juma zima bila kula, na hofu haikuondoka. Alianza kupata amani alipoamua kutoyarudia tena mambo ya zamani katika maungamo, hata kama shaka ingeendelea kumnong’oneza. Shaka ilikuwa bado ipo alipofanya uamuzi ule. Aliacha kuitii.

Hofu ya ugonjwa hutenda kazi kwa njia hiyohiyo. Mtu anapoogopa, mwili humwaga adrenalini katika damu, na adrenalini huongeza mapigo ya moyo. Mwenye hofu anayasikia mapigo hayo, anayachukua kuwa ushahidi wa kifo, anaogopa zaidi, na moyo unakwenda mbio zaidi. Kisha anapima. Kipimo kikiwa kizuri anatulia kwa muda, na akili yake inajifunza kwamba utulivu hupatikana kwa kupima. Kesho atapima mara mbili. Tunaweza kuwashuhudia kwamba tulifika kupima mara 30 kwa siku, na hakuna siku tuliyokuwa na hofu kuliko siku zile tulizopima sana.

Mama daktari alitupa masharti, nasi tuliyapokea kama tunavyompokea muungamishi. Daktari awe mmoja, na miadi kila baada ya miezi sita. Vifaa vyote apewe mtu mwingine. Tulimkabidhi katekista, naye hadi leo hajatuuliza kwa nini. Simu isiulizwe tena habari za moyo. Kahawa ipunguzwe, usingizi uheshimiwe, na kila jioni tutembee kwa miguu kwa mwendo wa kutoka jasho, ingawa tulidhani tutaanguka njiani. Moyo ukiruka, tuendelee na kile tulichokuwa tunafanya. Alitutuma pia kwa mtaalamu wa saikolojia, na kwa miezi kadhaa tulikwenda kuzungumza naye. Wapo wengine wanaohitaji na dawa. Hakuna aibu katika hayo. Neema haidharau tiba, na Luka Mwinjili anakumbukwa katika Kanisa kama tabibu.

Wapo watakaosema kwamba mwenye imani haogopi. Neno hilo tuliambiwa na watu waliotupenda, nalo lilitutesa kuliko mapigo yenyewe. Tuwakumbushe kwamba Bwana wetu katika bustani ya Getsemane aliogopa kwa mwili wake wote, hata jasho lake, kadiri ya Injili ya Luka, likawa kama matone ya damu. Hakutenda dhambi yoyote kwa kuogopa. Aliinuka na hofu yake akaenda kuwakuta waliokuja kumkamata. Mwili kutetemeka si ukosefu wa imani. Dhambi yetu ilianza pale tulipoufanya mtetemeko ule uwe sauti ya kuamua nani tumhudumie na nani asubiri alfajiri.

Tulikwenda kwa familia ya marehemu siku ya arobaini. Mbele ya Jumuiya yao tulisema ukweli wote, na kwamba barabara ilikuwa kisingizio. Palikuwa kimya. Kisha binti wa marehemu, mama wa yule kijana, akasema, “Baba, kumbe na wewe unaogopa kufa? Sisi tulifikiri ninyi mapadre mmekwisha kuyamaliza hayo.” Akatupa chai. Hatujapata kunywa chai iliyo ngumu kumeza kama ile, wala yenye baraka kama ile.

Miezi michache baadaye simu ililia saa saba usiku. Mgonjwa alikuwa upande wa pili wa mto. Tulipoinuka, moyo uliruka kama kawaida yake. Tulichukua mafuta na Ekaristi, tukapanda pikipiki ya katekista, na moyo ulidunda njia nzima, kwenda na kurudi. Haukutulia hata tulipokuwa tunasali. Lakini tulifika, na mzee yule alitufumbulia macho.

Wapo watakaomkumbuka hapa Mtakatifu Filipo Neri. Mapokeo yanasimulia kwamba mwaka 1544, katika mkesha wa Pentekoste, akisali katika katakombe ya Mtakatifu Sebastiano huko Roma, alijazwa moto wa upendo wa Mungu, na tangu siku ile moyo wake ulidunda kwa nguvu hadi alipofariki mwaka 1595, akikaribia miaka 80. Hatuthubutu kujilinganisha naye. Mapigo yake yalitokana na upendo; yetu yametokana na msiba, kahawa na hofu. Hata hivyo tunapenda kukumbuka kwamba mtu mwenye moyo wa namna ile alijulikana Roma nzima kwa uchangamfu wake.

Kabla ya kuhitimisha, tusieleweke vibaya. Msidharau miili yenu. Moyo ukienda mbio ukakufanya uzimie au ukaribie kuzimia, ukiambatana na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, ukikujia wakati wa kazi nzito, au kama katika ukoo wenu wapo waliofariki ghafla wakiwa vijana, nenda hospitali upesi, usingoje ushauri wa padre. Na hata bila dalili hizo, nenda upimwe mara moja vizuri. Tunayemzungumzia hapa ni yule aliyekwisha kupimwa, akaambiwa ni mzima, na bado kila usiku anaomba hati ya kuishi hadi kesho. Hati hiyo haitolewi na hospitali yoyote. Wala Bwana hakumpatia mtu yeyote. Alitufundisha kuomba mkate wa leo tu.

Sisi bado tunaishi na mapigo haya. Jumapili iliyopita, wakati wa kuinua kikombe, moyo uliruka mara tatu mfululizo. Zamani tungeharakisha Misa. Safari hii tuliendelea kukiinua kikombe, na nyinyi mlikuwa mmepiga magoti, hamkujua lolote.

Kwa wale wanaokesha usiku wakiwa na vidole juu ya mshipa, tunawaombea kila siku katika Masifu ya Jioni. Ondoeni mkono pale, mkauweke juu ya kazi au juu ya mtu anayewahitaji. Na mkikutana nasi baada ya Misa, msione haya kutuambia. Tutawaelewa.

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akitujalia uzima. Na awabariki Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu.