Umeruka Mstari

Kwenye ukuta wa chumba cha mdogo wangu, hapa Kibiti, kuna ndege. Ni karatasi nne zilizounganishwa kwa gundi, zikionyesha chumba cha marubani cha Dash 8-Q400: skrini, swichi, vishikio vya injini. Mbele yake kuna viti viwili vya plastiki. Cha kushoto ni cha kapteni, nakaa mimi. Cha kulia ni chake.

Leseni ya urubani wa biashara anayo. Lakini leseni hiyo peke yake haimruhusu kurusha ndege kama hii, ya abiria 76. Kila aina ya ndege kubwa ina kozi yake: darasa, simuleta, kisha mtihani. Saa za simuleta ni ghali. Hufiki pale ndipo uanze kutafuta swichi. Unazitafuta nyumbani, kwenye karatasi, mpaka mkono uende wenyewe.

Mimi nasoma shahada ya uzamili, nafanya utafiti wa mikoko ya delta ya Rufiji. Kuhusu ndege sijui kitu. Kazi yangu ni kumsomea orodha ya ukaguzi. Nasoma mstari, anagusa karatasi, anajibu. Asipojibu, hatusogei.

Usiku mmoja niliruka mstari makusudi. Nilimwona amesita, kidole hewani. Halafu akaendelea.

"Umeona nimeruka?"

"Nimeona, dada."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani una sababu yako."

Nilicheka, kisha kicheko kikakatika. Jioni hiyohiyo alikuwa amenisimulia ajali ya Tenerife, Machi 1977. Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia, wakafa watu 583. Katika ile iliyokuwa inakimbia ili ipae, mhandisi wa ndege aliuliza kama nyingine bado haijatoka njiani. Kapteni, mtu aliyeheshimika sana kazini, akajibu kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza. Siku hizi marubani hufundishwa namna ya kumwambia mkubwa kwamba amekosea. Sisi nyumbani tulifundishwa kunyamaza.

Tukaanza upya. Nikaruka tena, mahali pengine.

"Dada, subiri. Umeruka mstari."

"Asante."

Alibaki akiitazama karatasi. "Kuna mwingine tuliruka," akasema. "Bibi."

Ada ya kozi ilitoka kwenye shamba la minazi la marehemu babu, kule deltani. Mimi ndiye niliyesema liuzwe. Mimi ndiye mkubwa, ndiye msomi, na mama alinisikiliza. Bibi tulimpigia simu mnunuzi akiwa ameshalipa. Akasema, "Haya, wajukuu zangu," nasi tukalichukua neno hilo kuwa ni ridhaa.

Nilitaka kumuuliza mdogo wangu hiyo kozi ni ya nani. Nilitaka kumwambia pesa ya mikopo tungeitoa wapi. Maneno yote yalikuwepo, tena ya kweli, lakini hakuna hata moja lililomjibu.

Asubuhi tulishuka Nyamisati, tukangoja maji yajae, tukapanda boti. Bibi alikuwa uani akichambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mmekuja wote wawili? Kuna msiba?"

Tukakaa mkekani. Sikujua pa kuanzia. Mdogo wangu aliweka mikono magotini, akanigeukia, akangoja nisome mstari wa kwanza.