Kuijibu barua pepe ya kazi

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na najua niliahidi kuendelea na yale maelezo ya hifadhidata. Yatakuja. Leo nataka kuandika juu ya jambo lisilohitaji hata mstari mmoja wa programu, lakini lililoninyima usingizi kuliko hitilafu nyingi nilizowahi kuzisaka: namna ya kuijibu barua pepe inayokwambia umepata kazi.

Ilinifikia Ijumaa jioni nikiwa ndani ya matatu, tumekwama Thika Road. Ilikuwa na viambatisho viwili, barua ya kurasa 2 na mkataba wa kurasa 11. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kujibu. Nikakiondoa, kwa sababu niliwahi kuungua.

Mwaka 2021, muda mfupi baada ya kumaliza digrii, kampuni moja hapa Nairobi iliniandikia barua kama hiyo. Nilijibu kabla dakika mbili hazijaisha, mstari mmoja tu wenye alama sita za mshangao. Usiku uo huo nikaandika barua ya kuacha kibarua changu cha kutengeneza kompyuta za watu. Mkataba sikuusoma mpaka siku ya tatu, na hapo ndipo nilipoona kwamba mshahara ungeanza kulipwa mradi wa mteja fulani utakapotiwa saini. Haukutiwa. Nilikaa wiki 7 nikienda ofisini kila siku kwa nauli ya kukopa, na kodi ya nyumba akanilipia kaka yangu, ambaye hajaacha kunikumbusha mpaka leo. Sikuwa na pa kulalamikia, maana nilikuwa nimeshakubali mwenyewe kwa maandishi, tena kwa furaha.

Basi safari hii nilituma majibu mawili. La kwanza ni lile la Ijumaa, sentensi tatu: nimeipokea barua, nashukuru sana, nitasoma mkataba na kuwajibu kabla ya Jumanne saa sita mchana. Jibu hili watu wengi hulisahau. Wanaotaka kufikiria hunyamaza, na aliye upande wa pili hajui kama umekataa, umeugua ama barua imeishia kwenye taka. Ukitaja siku, unajipa nafasi bila kumwacha mtu njia panda. Mimi nilitaja siku nne, zikiwemo mbili za wikendi. Ukiomba wiki mbili bila sababu, usishangae nafasi ikienda kwa mwingine.

Jumamosi mama akapiga simu kutoka Murang'a. "Mwanangu, umewajibu wale watu?" Nikamwambia bado nasoma. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mtu akikukaribisha chakula, unaanza kuuliza chumvi ni kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Lakini ajabu ni kwamba kifungu kilichonisumbua zaidi kilimhusu yeye.

Wengi wenu mnakumbuka ile programu ya kuweka hesabu za chama niliyomwandikia mama na wenzake. Niliitengeneza Jumapili, kwa kompyuta yangu, na sasa inatumiwa na vyama vinne. Mkataba ulisema kwamba programu yoyote nitakayoiandika "katika kipindi cha ajira" ni mali ya kampuni. Soma tena maneno hayo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 tayari inampa mwajiri haki juu ya kile unachokiunda katika kutekeleza kazi uliyoajiriwa kuifanya, isipokuwa mkikubaliana vinginevyo. Hilo ni haki, wanakulipa. Lakini "katika kipindi cha ajira" ni pamoja na Jumapili, na usiku wa manane, na kila marekebisho nitakayoifanyia daftari la mama. Ningetia saini, na akina mama wale wangekuwa wanatumia mali ya kampuni wasiyoijua hata jina.

Mengine yalikuwa madogo. Mshahara uliandikwa shilingi 180,000 bila kusema ni kabla ama baada ya makato. Tofauti si ndogo: bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani shilingi 4,950, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 2,700, na hapo hujagusa NSSF wala kodi ya mapato, ambayo ndiyo inayouma. Muda wa majaribio ulikuwa miezi 6, na kampuni ilijipa uwezo wa kuurefusha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu kurefusha kwa miezi isiyozidi 6 mingine, lakini mfanyakazi lazima akubali. Likizo haikuwa na neno, zilikuwa siku 21 za kazi kwa mwaka kama sheria inavyotaka.

Jibu la pili niliandika Jumapili usiku ila sikulituma. Nilililaza. Asubuhi niliondoa aya nzima iliyoeleza yaliyonipata mwaka 2021, kwa sababu hayo hayakuwa makosa yao. Tuliandikiana kwa Kiingereza (mahojiano yenyewe tulifanya nusu Kiswahili, nusu Sheng, lakini barua zetu za ofisi bado huvaa tai). Kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

"Mpendwa Bi. (jina lake), asante kwa barua yako ya Ijumaa. Nimefurahi kupewa nafasi hii na ningependa kuikubali. Kabla ya kutia saini naomba mambo matatu. Kwanza, thibitisha kama shilingi 180,000 ni kabla ya makato. Pili, kifungu cha majaribio kiongezwe maneno 'kwa ridhaa ya mfanyakazi'. Tatu, kifungu cha umiliki wa programu kihusu kazi ninayoifanya kwa ajili ya kampuni pekee, kwani nina programu niliyoiandika kabla ya kuwafahamu na ninaendelea kuitunza kwa wakati wangu. Ninatakiwa kutoa notisi ya siku 28 ninapofanya kazi sasa, na nitaitoa mara tutakapotia saini. Wako mwaminifu."

Nililijibu kwenye uzi uleule bila kubadilisha kichwa cha barua, maana afisa wa wafanyakazi ana barua za watu wengi na hapaswi kunitafuta. Mkuu wa waandishi wa programu alikuwa amenakiliwa, kwa hiyo nikajibu wote wawili. Na kwenye Gmail nimeweka muda wa kutendua utumaji uwe sekunde 30, ambao ndio mrefu kabisa wanaotoa. Nilizitumia. Sekunde ya kumi niliona nimeliandika jina la yule mama kwa herufi moja pungufu.

Usiku ule ule nilikuwa nimejiambia kwamba wakikataa kifungu cha tatu, naacha. Ni rahisi kusema hivyo usiku.

Jibu lilikuja Jumanne alasiri. Mshahara ni kabla ya makato, kama nilivyohofia, na hawaongezi. Kifungu cha majaribio wamekirekebisha. Kuhusu programu, waliomba niwaandikie orodha ya kila kitu nilichokiunda kabla ya kujiunga nao, nayo itaambatanishwa kwenye mkataba kama mali yangu pamoja na marekebisho yake, na kifungu kitahusu kazi ya kampuni tu. Yule mama akaongeza kwamba hakuna aliyewahi kuwauliza swali hilo.

Nilitia saini Jumatano, nikawatumia nakala kwa jina la faili linaloeleweka, si lile la "mkataba mpya wa mwisho 2". Ndipo nikaandika notisi. Orodha ilikuwa na programu tatu, na ya kwanza ni daftari la chama. Nilipompigia mama kumweleza kwamba jina la chama chao limo ndani ya mkataba wangu, aliuliza kama hilo lina maana watakatwa pesa.

Leo ni siku ya tisa ya notisi. Makala ya hifadhidata nitaijaribu wikendi hii.