Ile 'm' ya mtumwa

Najua nimepotea, msinilaumu. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, huko ambako ukitaka mtandao unapanda kilima na simu mkononi kama unaita mvua. Nimerudi juzi, nguo zote nyekundu kwa vumbi, na kila ninayekutana naye kantini ananiuliza swali lile lile: eti ulikuwa unafundisha Kilatini? Ndiyo jamani, ni kweli. Acheni kucheka.

Mimi masomo yangu ni Historia na Kiswahili. Nikapangiwa seminari ndogo moja ya Kikatoliki, na mnajua kule Kilatini bado kipo kwenye ratiba. Wiki ya pili padri mzee anayekifundisha akaenda kufanyiwa upasuaji wa jicho. Mkuu wa shule akaniita. Sijui nani alimnong'oneza kwamba mimi mwenyewe nilikaa seminari miaka minne kabla ya kutoka. Nikamwambia, "Baba, nimeshasahau." Akanijibu, "Utakumbuka ukishika chaki."

Basi nikapewa kidato cha pili. Walikuwa wanakariri kama wanasali rozari: voco, vocas, vocat, bila kujua wanachokisema. Utamaduni wa Warumi nao ulikuwa hivyo hivyo. Mmoja aliniapia kwamba Kaisari alikuwa Mwingereza, kwa sababu yumo kwenye tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri. Nilichofanikiwa haraka ni miezi. Nilipowaambia kwamba septem ni saba, na kwamba zamani mwaka wa Warumi ulianza Machi ndiyo maana Septemba ilikuwa ya saba, darasa zima lilihesabu kwa vidole hadi Desemba. Octo, novem, decem. Walifurahi kama nimewagawia soda.

Shida ilikuwa sarufi. Na pale kuna sheria: darasani ni Kiingereza tu. Sasa hebu fikiria, mtoto anafundishwa lugha asiyoijua kwa lugha asiyoimudu. Nilivumilia wiki nzima. Nyuma dirishani alikaa kijana mmoja mpole ambaye kwenye jaribio la padri alipata 9 kwa 100. Kila nikimwangalia naye anaangalia migomba.

Halafu, siku isiyo na heri, akaja msimamizi kutoka chuo kunikagua. Alitaka kipindi cha Historia, lakini ratiba ikasema Kilatini, vipindi viwili mfululizo. Akasema haidhuru, akavuta kiti. Wenzangu mnajua alama zile zinavyotugusa.

Nikaanza kwa Kiingereza changu cha suti. Ubaoni nikaandika Agricola servum vocat, mkulima anamwita mtumwa. Nikageuza: Servum agricola vocat. Nikauliza sasa nani anamwita nani. Kimya. Mtu angesikia panya akitembea darini. Nikarudia, kimya kikazidi. Nikamtazama msimamizi, nikawatazama wale watoto, nikasema liwalo na liwe, nikahamia Kiswahili.

Nikawaambia: vocat ni neno moja, na Kiswahili chetu nacho kinasema kwa neno moja, "anaita". Voco naita, vocas unaita, vocamus tunaita, vocant wanaita. Sisi mtendaji tunamweka mwanzo wa kitenzi, wao mwishoni. Mwingereza ndiye anayehitaji maneno mawili, mwacheni na shida zake. Wakaanza kucheka, wakaanza kusogea mbele. Na yule wa dirishani akanyoosha mkono, mara ya kwanza tangu nifike. "Mwalimu, kumbe 'm' ya anamwita sisi tunaificha ndani ya kitenzi, wao wanambandika nayo mtumwa mwenyewe. Servum. Hata ukimhamisha anabaki ndiye anayeitwa."

Nilishika ubao nisianguke. Kweli kwenye wingi 'm' hiyo inapotea, inakuwa servos, na kufanana kwenyewe ni bahati tu. Lakini siku ile sikuwa na haja ya kumkatisha.

Hakuishia hapo. Akauliza, "Mbona kitabuni Marcus ana jina, Cornelia ana jina, huyu ni servus tu?" Hilo halikuwa la sarufi. Nikawasimulia Spartacus, uasi wa mwaka 73 hadi 71 Kabla ya Kristo, na watumwa wapatao 6,000 waliosulubiwa kando ya barabara kutoka Capua hadi Roma. Nikawasimulia Terentius, mwandishi wa tamthilia za kuchekesha, ambaye inasimuliwa alipelekwa Roma akiwa mtumwa kutoka Afrika ya Kaskazini, akaachwa huru, na hata hilo jina Terentius alirithi kwa bwana wake. "Kwa hiyo jina alilopewa na mama yake halipo," akasema. Nikamjibu halipo. Kengele ikalia na hakuna aliyeinuka.

Msimamizi aliandika kwamba nina ukakamavu, ila nimekiuka lugha ya kufundishia. Alama sizitaji. Nilikasirika siku mbili, sasa imebaki kunung'unika tu nikipita karibu na ofisi yake.

Padri alirudi wiki ya mwisho, jicho moja limefunikwa. Akafunua madaftari, akakuta kila mahali 'm' imezungushiwa duara. "Nani kawafundisha hii?" Nikamwambia, "Wao, Baba." Akaguna tu.

Kijana wa dirishani kwenye jaribio langu alipata 38. Ndiyo, bado kafeli. Lakini kuna swali la alama mbili, tafsiri "Mkulima anamwita mtumwa". Wote waliandika servum. Yeye aliandika Agricola Mabrukum vocat. Mabruki nilimtaja mimi kwenye Historia: mtu aliyepitia utumwa, aliyekuwamo kwenye msafara wa Burton na Speke wa mwaka 1857. Kampa jina, na ile 'm' kaiweka panapostahili.

Mwongozo wa kusahihisha ulisema servum. Nikampa zote mbili.