Mkunga wa Kalerwe

Mjukuu wangu, Kalerwe ya Kampala unayoijua wewe, ya bodaboda na vilima vya mananasi na utumbo wa ng'ombe unaooshwa kando ya mtaro, siyo niliyoikuta mimi mwaka 1969. Niliikuta bonde la mafunjo kando ya barabara ya Gayaza, maji ya kijito cha Nsooba yakipita taratibu kutoka upande wa Mulago kwenda Bwaise, na masika yakiingia, maji nayo huingia majumbani, jambo ambalo halijabadilika. Harufu yake ilikuwa ya tope, ya moshi wa kuni mbichi na ya pombe ya ndizi iliyoanza kuchachuka. Nilikuwa kijana wa Bukoba, nimeshuka Port Bell kwa meli ya Victoria na barua ya kazi ya ukarani katika Reli ya Afrika Mashariki. Chumba nilichopata kilikuwa cha udongo na bati, shilingi 30 kwa mwezi, na kodi ilitakiwa tarehe mosi kabla ya jua kuwaka.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mweusi wa kung'aa, jicho moja dogo kuliko jingine, hata akikutazama unahisi unapimwa kwenye mizani. Majirani walimwita Omuzaalisa, mkunga. Sisi wapangaji tulimwita Nnyabo, na yeye aliniita Omuziba, jina ambalo Waganda humpa Mhaya yeyote, awe wa Kiziba au wa Ihangiro. Alizaliwa wakati wa vita vya Mjerumani, akasomea ukunga kule Namirembe, katika shule iliyoanzishwa na Bibi Katharine Cook, mke wa daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo. Mumewe alikwenda Burma na jeshi la King's African Rifles na hakurudi. Aliachiwa watoto wanne na kibanja kile, akajenga safu ya vyumba vya kupangisha, chumba kimoja kimoja, kila alipopata fedha ya bati.

Alikuwa mlokole wa zile siku za Simeoni Nsibambi, wale waliookoka wakaacha pombe, hereni na uongo kwa mpigo mmoja. Jioni moja kila juma walikutana sebuleni kwake kuungama dhambi mbele ya wenzao, na ukuta wangu ulikuwa wa fito na udongo. Mimi Mkatoliki, niliyezoea kumnong'oneza padri peke yake, nilijua nani kaiba sukari ya mwajiri na nani kamtamani mke wa jirani. Usiniulize majina. Kuzalisha alitoza shilingi 10, au jogoo, au ahadi iliyoandikwa katika daftari la jalada jeusi. Sikuona akimrudisha mzazi kwa kukosa fedha, na sikuona akimfutia mtu deni. Mtoto akifikisha mwaka, Nnyabo anapita na daftari lake, anambeba, anamsifia mashavu, kisha anamkumbusha mama jogoo.

Sasa nikufikishe mwaka 1972. Mwezi Agosti Rais Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke nchini. Tarehe 17 Septemba wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, wakavuka mpaka kutoka kwetu Tanzania, wakashindwa, na siku nne baadaye Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka akatolewa mahakamani mchana kweupe, asionekane tena. Ikiwa jaji mkuu anabebwa hivyo, karani wa reli mwenye lafudhi ya Bukoba ni nani? Nnyabo hakuniuliza lolote. Alinihamishia chumba cha kuzalishia, kwenye kitanda cha chuma, beseni, harufu ya Dettol na mafuta ya taa, nikawa nalala nyuma ya pazia juu ya magunia matupu ya kahawa. Usiku mmoja wakaja watatu, wamevaa miwani myeusi gizani, wakauliza kwa Kiswahili Mtanzania yuko wapi. Nnyabo hakukipenda Kiswahili, kwake kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani. Akawajibu kwa Kiganda kwamba mle ndani mna mzazi, damu haijakauka, na anayetaka kuingia anawe mikono kwanza. Ilikuwa kweli. Mama mmoja alikuwa amejifungua jioni ile, amelala hatua mbili kutoka miguuni pangu, anajua nipo, na hakukohoa. Wale watu wakalitazama beseni, wakatazamana, wakaondoka na kuku wawili.

Nilipopata njia ya kurudi nyumbani kwa mitumbwi ya wavuvi, usiku wa kuondoka akafungua daftari. Nilidaiwa shilingi 30 za mwezi ule, na matoke niliyokula nyuma ya pazia. Nikamkodolea macho. "Nikikusamehe, Omuziba," akasema, "utanishukuru mpaka uchoke kuniona. Lipa, tubaki majirani." Nikalipa, nikanuna njia nzima. Leo naona alikuwa na haki, kwa sababu niliporudi niliingia mlangoni kwake sina deni, nikaketi nikala.

Nilirudi katikati ya mwaka 1979, dereva wa malori yaliyofuata nyuma ya majeshi yetu ya Tanzania yaliyomwondoa Amin. Kampala ilikuwa imetekwa Aprili 11. Maduka yalikuwa matupu, sukari na sabuni zilikuwa vitu vya magendo, na wale mafutamingi waliogawiwa maduka ya Wahindi walikuwa wametoweka. Nnyabo alikuwa amekonda. Alinisimulia jinsi alivyokwenda Namirembe kwa miguu Februari 1977, Jumapili baada ya kuuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, akakuta umati na kaburi lililochimbwa jirani na la Askofu Hannington, na maiti haikuletwa. Hakuongeza neno. Juma lile lile nililorudi, kwenye kikao cha walokole, alisimama akaungama kwamba mwaka 1972 aliwadanganya askari kwa kusema ukweli nusu. Mzee mmoja akataka kujua mbona amekaa na dhambi miaka saba. "Mungu alijua tangu usiku ule ule," akajibu. "Ninyi hamkuwa na haraka."

Halafu ukaja UKIMWI, ugonjwa walioupa jina la Slim. Niliporudi kumtembelea miaka ya 90 mwanzoni, wawili kati ya wanawe walikuwa wamekwisha kuzikwa, na nyumba ilikuwa na watoto tisa, watano tu wa damu yake. Tayari Nnyabo alikuwa Jjajja, yaani bibi, mgongo umepinda, na bado alipanda kilima kwenda hospitali ya Mulago na chungu cha uji kichwani, kuwaosha watu ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa. Kule Mulago ndiko Noerine Kaleeba na wenzake walikoanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, mwaka 1987, lakini usidhani Jjajja alingoja shirika. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake katika daftari. Baada ya shule waliuza nyanya sokoni kwa mafungu, na aliyepunguza fungu ili apate senti yake alilisikia hilo jioni, mbele ya wote. Na jambo lililomuuma kuliko Amin, kwa kumsikiliza, lilikuwa ubadilishaji wa fedha wa Mei 1987, sifuri mbili zikakatwa, kisha serikali ikachukua asilimia 30 juu yake. Akiba yake ilikuwa chini ya godoro. Alisema amemsamehe Amin, ila hiyo asilimia hakuisamehe.

Alifariki mwaka 2004, akazikwa kwao Bulemezi, amevingirishwa vitambaa vya gome la mti. Waliokuja kuzika, wengi walikuwa wamepita mikononi mwake wakitoka tumboni, na baadhi, nasikia, walikuwa bado wamo daftarini. Wajukuu wake wawili ni wakunga hadi leo, na vyumba vile bado vinapangishwa, sasa vya matofali. Ukifika Kampala nenda ukawasalimie, sema wewe ni wa yule Omuziba. Watakulaza. Asubuhi uliza kodi ni kiasi gani, na usikubali wakikwambia hapana.