Kabla ya Lile Bamba

Maneno haya niliyatoa mara ya kwanza kwenye jumuiya yetu, nikiwa nimesimama mbele ya watu wanaonijua tangu nikiwa kijana wa kushikishwa spana na kufundishwa. Leo nayaandika kwa ajili yako, fundi mwenzangu, kwa kuwa huenda uko mahali nilipokuwa mimi.

Nina gereji hapa Mpanda. Zamani kazi zetu za Katavi zilikuwa springi zilizokatika, shokapu zilizovuja na radieta zilizoziba vumbi. Njia ya Tabora ilikuwa ya udongo, na gari likienda 60 lilikuwa limekimbia. Kisha lami ikaja, zaidi ya kilomita 340, ikazinduliwa mwaka 2022. Magari yakaanza kukimbia kweli, na mwendo ule ukaleta magonjwa tusiyoyazoea. Kuna kasoro ambazo gari linaweza kuzificha mwaka mzima kwenye makorongo, lakini likishika lami zinajitokeza siku hiyohiyo. Mimi sikujua hivyo. Nilijiona nimeshajua yote.

Mwaka uliofuata shirika moja lilipata gari jipya, hadtopu inayovuta magurudumu yote manne. Liliingia kwangu likiwa na kilomita 2,000 na kitu, nilifunge bamba la chuma chini ili kuikinga transfa na mawe, kwani lilikuwa liende Karema na Mishamo. Kazi ile niliimaliza kwa siku moja, nikajisifu. Wiki mbili baadaye likarudi.

Dereva wake alikuwa kijana mpole. Alinisalimia shikamoo, akasimama pembeni mpaka nilipomtazama. "Fundi, nikifika 90 linaanza kutetemeka. Kwenye 100 ndiyo linazidi. Halafu kabla ya lile bamba halikuwa hivi."

Nilimkatiza. Nikamwambia, mbele ya watu, "Wewe endesha, ufundi niachie mimi." Sekunde ile nilikuwa nimepewa jibu lote mkononi, nikalitupa.

Nikasema ni matairi. Si kwamba nilikuwa nimepima. Ni kwa sababu mara nyingi huwa ni matairi. Na kweli huwa hivyo: tope likikaukia ndani ya rimu peke yake linatosha kutetemesha gari, na gari jipya lililosimama muda mrefu bandarini linaweza kutoka na matairi yaliyobonyea upande mmoja. Basi tukabalansi yote manne. Likatetemeka. Tukabalansi tena. Likatetemeka. Nikamgeukia kijana wangu wa matairi, nikamwambia vile vipande vya risasi alikuwa anavibandika ovyo, na mwisho wa wiki nikamkata shilingi 30,000. Alizihitaji. Nilijua kwamba alizihitaji.

Baada ya hapo nikabadilisha tairi mbili za mbele. Kisha shokapu, za gari lisilofikisha hata kilomita 4,000. Shirika lilikuwa linalipa na mimi nilikuwa napokea. Nilipoishiwa, nikamwambia mhasibu wao kwamba magari ya siku hizi yanatoka kiwandani hivyo, wayazoee. Usiku ule sikulala vizuri. Nilijua nimesema kitu nisichokijua.

Kuna mzee mmoja hapa mjini aliyekuwa fundi wa reli. Wengi wanajua reli yetu ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa enzi za Mwingereza kwa sababu ya madini ya risasi, na wazee waliofanya kazi kwenye reli wana masikio ya chuma. Mzee huyu nilikuwa nimemvunjia heshima miaka mitatu nyuma. Alinishauri jambo la beringi, nikasema mbele ya mafundi vijana kwamba zama zake zimepita. Tangu hapo tukikutana nilikuwa naangalia pembeni. Na ndiye huyo ambaye dereva wa hadtopu alimwomba aje, bila kuniambia.

Alipoingia gerejini nilitaka kujificha. Yeye aliitikia shikamoo yangu kama vile hakuna kilichowahi kutokea, akasema, "Mwanangu, twende ukanisikilizishe."

Tukashika njia ya Tabora. Alikuwa na chupa ya maji ya plastiki, nusu. Aliiweka sakafuni, karibu na gia, akaishika kwa vidole viwili tu ili isianguke. Nilipofika 100 mtetemo ukaja. "Toa gia, uache liteleze." Nikatoa. Injini ikashuka, mtetemo ukabaki vilevile. "Sasa rudi 100 kwa gia ya nne." Vilevile. Akasema, "Basi injini imekwisha toka kwenye kesi. Huu unafuata mwendo wa gari."

Kisha akaniambia nitazame maji. Juu yake palikuwa na viduara vidogo, vyembamba, vimebanana mno, kama ngozi ya ngoma iliyopigwa haraka. Akanieleza kwa utulivu. Kwenye 100, gurudumu la gari kama lile linazunguka kama mara 11 au 12 kwa sekunde. Mtikisiko wake unausikia kwenye usukani na kwenye kiti, karibu uuhesabu. Propela inazunguka karibu mara 4 ya hapo, na mtetemo wake ni wa kuvuma, unausikia kwenye nyayo. "Wewe umekuwa unatibu magurudumu. Haya maji yanasema kitu kinachozunguka haraka zaidi."

Akanisimamisha pembeni, akashuka, akainama kwenye gurudumu la mbele. Habu zote mbili zilikuwa kwenye LOCK; masika yalikuwa hayajaisha na dereva alikuwa ameziacha hivyo kwa ajili ya tope. Mzee akazigeuza FREE kwa mkono. Hapo, maadamu gari linavuta kwa magurudumu ya nyuma tu, propela ya mbele haizunguki tena, hata likimbie vipi. Tukaondoka. 80. 90. 100. Maji kwenye chupa yalitulia.

Nilifurahi, nikasema tumepona. Akatikisa kichwa. "Hatujapona. Tumejua pa kuangalia tu."

Chini ya gari, kwa tochi, alinionyesha propela ya mbele. Krosi moja ikifanya kazi kwa pembe, kila mzunguko inaharakisha na kupunguza mara mbili. Krosi ya upande wa pili imewekwa ili kuufuta ule mchezo, mradi uma za pande zote mbili zitazamane sawa. Kiwandani wameweka alama mbili za rangi zielekeane. Zangu zilikuwa zimepishana meno kadhaa.

Nasema zangu. Siku ya kufunga bamba niliishusha propela ile, ikachomoka kwenye meno yake, nikairudisha bila kuangalia alama. Hakuna mwingine aliyeigusa. Si kiwanda, si dereva, si kijana wa matairi.

Nililia pale chini, na mzee alikaa kimya akishika tochi. Hakusema neno juu ya miaka mitatu. Tuliichomoa, tukazielekeza alama, tukapiga grisi, tukakaza bolti. Habu tukazirudisha LOCK makusudi, tukaenda tena 100, na 110. Maji yakatulia. Nilimpa pesa akakataa. Alikunywa chai tu, akaomba lifti hadi nyumbani.

Kesho yake nilikwenda kwa mhasibu nikasema yote, na kwa miezi minne nikarudisha thamani ya matairi na shokapu kwa kazi. Nilitegemea wahamishe magari yao. Hawakuhamisha. Kijana wa matairi nilimrudishia 30,000 yake mbele ya wenzake na kumwomba radhi. Akasema, "Yameisha, fundi." Dereva naye alicheka kidogo tu na kunipa mkono. Sikustahili hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na namshukuru Mungu kwa kila kimoja.

Ndugu yangu, kama leo lipo gari jipya gerejini kwako linatetemeka kwenye lami, na umeshabalansi mara mbili, weka spana chini kwanza. Mwite dereva, mpe kiti, muulize lilianza lini na ni kazi gani ilifanyika kabla ya hapo. Kisha umwache amalize kusema.