Riquewihr: Kijiji cha Mizabibu Kilichobadilishiwa Bendera Mara Nne



Baadhi ya jamaa waliposikia kwamba tumekwenda kutembea Alsace walituuliza, wengine kwa mshangao na wengine kwa mzaha, tulikuwa tukitafuta nini katika nchi ya mvinyo. Swali lao ni la haki. Alsace ni jimbo jembamba la mashariki ya Ufaransa, lililobanwa baina ya milima ya Vosges na mto Rhine, na jina lake limeenea duniani kwa sababu ya mvinyo wake mweupe. Asiyekunywa aweza kudhani kwamba huko hakuna la kumhusu. Sisi twasema liko. Mzabibu wenyewe ni neema iliyotajwa mara kadhaa katika Qur'ani pamoja na mitende na mizaituni. Kilichokatazwa ni kilevi ambacho binadamu hukitengeneza kutokana nao. Na zaidi ya mizabibu, tulikuwa tumesoma zamani kwamba wenyeji wa huko walibadilishiwa uraia mara nne katika muda wa miaka 75, ilhali hawakuhama majumbani mwao. Sisi tuliohama makwetu na kubadili pasi kwa hiari zetu tulitamani kuwaona watu hao.

Tuliondoka London kwa treni katika wiki ya mwisho ya Oktoba, shule zilipofungwa kwa likizo fupi, sisi wawili na mjukuu wetu wa kike wa miaka kumi na mmoja. Tulibadili treni Paris, na jioni tukawa Colmar. Kutoka hapo hadi kijiji cha Riquewihr ni mwendo mfupi wa basi, na njia yote ni mizabibu kulia na kushoto, majani yake yakiwa yamekwisha geuka rangi ya dhahabu.

Aliyefundisha jiografia haachi kufundisha. Pepo zenye mvua hutoka bahari ya Atlantiki upande wa magharibi, zikafika Vosges na kulazimika kupanda. Huko juu huitua mvua yao, na zinapoteremka upande wa mashariki huwa zimekwisha kukauka. Ndiyo sababu Colmar ni miongoni mwa miji mikavu kabisa ya Ufaransa. Wasomaji waliopata kuuzunguka mlima Kilimanjaro watalielewa jambo hili bila ya ramani: kusini migomba na kahawa, kaskazini ukavu. Mizabibu ya Alsace imepandwa kwenye miteremko ya chini inayotazama mashariki na kusini, ambako jua huipata tangu asubuhi. Njia inayopita katika vijiji vya mizabibu, kutoka Marlenheim hadi Thann, ina urefu wa kilomita 170 hivi, nayo ilifunguliwa rasmi mwaka 1953.

Riquewihr kina watu wapatao elfu moja tu, na bado kimo ndani ya ukuta wake wa kale. Barabara moja kuu ya mawe hupanda taratibu mpaka kwenye mnara uitwao Dolder, uliojengwa mwaka 1291 ili kumwangalia adui ajaye kutoka milimani. Tangu mwaka 1324 hadi zama za Mapinduzi ya Ufaransa, kijiji hiki kilikuwa mali ya watawala wa Württemberg wa Ujerumani, na ngome yao ya karne ya kumi na sita ingali imesimama.

Nyumba ndizo zilizotusimamisha zaidi. Wageni huzisifu kwa rangi zao za samawati, manjano na waridi, lakini sisi tulitazama ukuta. Kwanza husimamishwa kiunzi cha magogo ya mwaloni, kisha nafasi baina ya magogo hujazwa fito na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, na mwisho hupakwa chokaa. Wasomaji wetu, hiyo si nyumba ya kukandika? Bibi yake mjukuu wetu aliligusa pembe moja lililobanduka, akasema kwamba babu yake mzaa mama alijenga hivyo hivyo huko Pangani, ila yeye alitumia mikoko na makuti. Tena tuliambiwa kwamba kiunzi cha nyumba kama hiyo chaweza kufunguliwa gogo kwa gogo, kikapakiwa kwenye gari na kusimamishwa upya kwingineko.

Tulipanga vyumba viwili kwa mama mmoja mjane, umri wake ukikaribia miaka tisini, ambaye mwanawe analima mizabibu. Kifaransa tulichojifunza chuoni kilitosha kwa mazungumzo. Siku ya kwanza tulimweleza kwamba sisi ni Waislamu na hatunywi, naye bila ya kuuliza neno akaenda sandukuni akaleta juisi ya zabibu iliyochemshwa na kufungwa chupani, ile anayowawekea wajukuu zake. Hao wajukuu wawili walikuwapo, maana nao walikuwa likizoni.

Hapo mezani ndipo tulipoanza kusikiliza. Mama yule alizungumza na ndugu yake mwanamume, aliyekuja kila asubuhi kunywa kahawa, kwa Kialsace, lugha ya jamii ya Kijerumani iliyozungumzwa katika bonde hilo tangu kale. Kwa mwanawe alichanganya. Kwa wajukuu alianza kwa Kialsace, nao wakamjibu kwa Kifaransa, naye akaendelea kwa Kifaransa bila ya kujijua. Sisi tulitazamana. Katika meza hiyo hiyo mjukuu wetu alikuwa akiulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza.

Historia yenyewe ni hii. Baada ya Ufaransa kushindwa vitani, Alsace ilichukuliwa na Ujerumani mwaka 1871. Aliyetaka kubaki Mfaransa alipewa muda hadi Oktoba 1872 achague, na mwenye kuchagua alitakiwa ahame, wengi wakahama. Mwaka 1918 Wafaransa walirudi, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukalithibitisha jambo hilo. Tusisahau kwamba ni mkataba huo huo uliowanyang'anya Wajerumani Tanganyika, na kwa hiyo mkulima wa Riquewihr na mkulima wa Tanga walibadilishiwa bwana kwa karatasi moja. Mwaka 1940 Wajerumani waliingia tena. Kifaransa kikapigwa marufuku, majina ya watu na ya mitaa yakageuzwa, hata kofia ya bereti ikakatazwa. Kuanzia Agosti 1942 vijana wa Alsace na jirani zao wa Moselle, wapatao 130,000, walilazimishwa kuvaa sare za jeshi la Ujerumani, na wengi wakapelekwa kupigana Urusi. Wenyewe huwaita Malgré-nous, yaani wale waliokwenda bila ya ridhaa yao. Makumi ya maelfu hawakurudi, na mmoja wao alikuwa mjomba wa mwenyeji wetu. Mwaka 1945 vita vilipomalizika, Alsace ikawa ya Ufaransa kwa mara nyingine.

Mama yule alianza darasa la kwanza wakati wa Wajerumani, ambapo neno moja la Kifaransa lilikuwa kosa. Vita vilipokwisha alirudi darasa lile lile, na sasa Kijerumani ndicho kilichoondolewa katika shule za msingi, na mtoto aliyenaswa akisema Kialsace uwanjani aliadhibiwa. Serikali ilibandika matangazo kwamba kusema Kifaransa ndio umaridadi. Waliosoma Kenya zamani, wakavishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama, hawahitaji maelezo. "Nilipozaa," alituambia, "niliogopa kwamba watoto wangu watachekwa." Hakusema zaidi, akainuka kuosha vikombe.

Uchunguzi uliofanywa mwaka 2012 ulionyesha kwamba asilimia 43 ya watu wazima wa Alsace walisema wanaijua lugha yao. Miongoni mwa watoto wa miaka mitatu hadi kumi na saba, walikuwa asilimia 3. Zipo shule zinazofundisha kwa lugha mbili, na zipo juhudi nyingine za kusifiwa, lakini kizazi kilichokatika hakiungwi kwa siku moja.

Jambo la kustaajabisha ni ulinzi uliowekewa mizabibu yenyewe. Miteremko 51 imepewa daraja ya juu kwa majina yake, kila mmoja na mipaka yake. Schoenenbourg, unaopanda nyuma ya ukuta wa Riquewihr, ni mmoja wao. Tangu mwaka 1972 mvinyo wa Alsace sharti ufungwe chupani ndani ya Alsace yenyewe, katika chupa ndefu nyembamba. Aina moja ya zabibu iliyoitwa Tokay kwa muda mrefu ililazimika kuacha jina hilo mwaka 2007, kwa kuwa Wahungari walilidai ni lao. Basi zabibu ina sheria ya jina lake, ya udongo wake na ya chombo chake. Lugha ya wanaoichuma haikupata mlinzi wa namna hiyo. Mwana wa mwenyeji wetu, tulipomgusia jambo hilo shambani, alicheka kidogo na kuendelea kukata. Siku ile alikuwa na wachumaji wachache, wakikata kwa mikono vichala vilivyoachwa makusudi mpaka mwisho wa msimu ili vizidi utamu. Aina moja huitwa Gewurztraminer, na sehemu ya mwanzo ya jina hilo maana yake ni kiungo cha chakula. Mjukuu wetu alionja tunda moja la mzabibuni akasema lina harufu ya waridi. Alisema kweli.

Kwa watakaokwenda, tunatoa tahadhari kidogo. Katika vuli huuzwa kinywaji cha rangi ya ukungu kiitwacho Neier Siesser, maana yake kipya kitamu. Machoni ni juisi, lakini kimekwisha kuanza kuchacha na ni kilevi, msimnunulie mtoto. Ile keki ndefu yenye tundu katikati, kougelhopf, aghalabu hutiwa zabibu kavu, na baadhi ya waokaji huziroweka kwenye pombe, basi ulizeni kabla. Nyama nyingi za mahotelini ni nguruwe, na mchuzi wao mashuhuri wa chunguni hupikwa kwa mvinyo. Sisi tulikula mikate, samaki, jibini ya Munster (inanuka, lakini mwenye subira hula) na asali ya misonobari, tukashukuru.

Siku ya tatu tulikwenda Sigolsheim, kilomita chache kusini. Katika mapigano ya majira ya baridi ya mwaka 1944 na mwanzo wa 1945 Riquewihr kilisalimika, lakini jirani zake Bennwihr, Mittelwihr, Ammerschwihr na Sigolsheim vilibomolewa karibu vyote. Colmar ilikombolewa tarehe 2 Februari 1945. Juu ya kilima cha Sigolsheim, katikati ya mizabibu, yako makaburi zaidi ya 1,500 ya askari wa Jeshi la Kwanza la Ufaransa. Tulipanda ngazi polepole. Upande mmoja ni misalaba, na upande wa pili ni mawe yaliyochongwa kwa umbo la mihirabu, safu baada ya safu, yenye majina ya vijana wa Kiislamu kutoka Morocco, Algeria na Tunisia. Walikufa kwenye theluji wakiikomboa nchi iliyokuwa ikizitawala nchi zao. Tulisimama tukawasomea Fatiha. Mjukuu wetu alipita safu nzima akiyasoma majina kwa sauti, Muhammad baada ya Muhammad, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyemsimulia habari hizi shuleni. Hatukuwa na jibu la kumridhisha.

Jioni ile mwenyeji wetu alimuuliza mtoto kwetu twaliitaje jengo analosomea. Akajibu: shule. Mama akapiga kofi la furaha, akasema kwa lugha yake: Schuel! Neno hilo Wajerumani walilileta Tanganyika, nasi tukabaki nalo walipoondoka. Ndugu zetu wa Unguja wanaosema skuli watatusamehe. Tangu hapo wakawa wanaulizana maneno, mtoto akilazimika kuyatafuta ya Kiswahili kichwani mwake na mengine akiyaazima kwa bibi yake, na wale wajukuu wawili wakisogea karibu kusikiliza ya kwao.

Tulipitia Strasbourg tukirudi, tukasali Ijumaa katika msikiti mkuu uliofunguliwa rasmi mwaka 2012, penye ukingo wa mto. Viota vya korongo tulivyoviona juu ya mapaa vilikuwa vitupu; wengi huondoka mwisho wa kiangazi kuelekea Afrika ya Magharibi. Katikati ya miaka ya 1970 jozi zilizobaki Alsace hazikufika kumi, na watu waliwafuga na kuwatunza mpaka wakaongezeka tena kwa mamia.

Wakati wa kuagana mama yule aliomba kadi kutoka London. Mtoto aliahidi kumwandikia kwa Kifaransa cha shuleni. Bibi yake akasema la, ataandika kwa Kiswahili, na mama naye akakubali kwa sharti kwamba wajukuu zake watajibu kwa Kialsace. Kadi imeanza kuandikwa. Mpaka tunapoandika makala haya imefika mistari minne, na neno la "mizabibu" limefutwa mara mbili.