Uliyemfundisha Kazi, Akapanda, Akakusahau



Ndugu yangu katika imani, huenda kazini kwako yupo mtu uliyempokea siku yake ya kwanza. Ukamwonyesha mafaili, ukamsahihishia makosa kabla bosi hajayaona. Leo yeye ni msimamizi, wewe uko palepale, na hata salamu anaitikia kwa kichwa tu. Moyo unauma, najua. Hebu fungua Surat Yusuf tutazame pamoja.

Nabii Yusuf (a.s.) alikuwa gerezani kwa dhulma. Aliwafasiria ndoto wafungwa wenzake wawili, kisha akamwomba yule atakayeokoka amtaje kwa bwana wake. Mtu akatoka, akarudi kwenye kazi yake ya kumnywesha mfalme, akasahau. Yusuf akakaa gerezani miaka mingine. Miaka, si wiki!

Mfalme akaota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na wakubwa wake wakashindwa kuifasiri ndoto. Hapo ndipo yule bwana akakumbuka, akaenda gerezani. Sasa angalia adabu ya Mtume wa Allah. Hakumwambia, "Leo ndiyo umenijua?" Hakuificha elimu, hakuweka sharti. Alifasiri, tena akaongeza mpango wa kulima miaka saba na kuhifadhi nafaka kwenye masuke yake. Habari zake zikamfikia mfalme kwa mdomo wa mtu yuleyule aliyemsahau.

Na alipoitwa, hakutoka mbio. Alitaka kwanza ile tuhuma ichunguzwe, jina lake lisafike.

Sisemi ujikombe kwa wakubwa, la. Kumpelekea bosi maneno ya wenzako ni fitina, hata ukilipwa cheo. Lakini mimi hujiwa na wenye maduka wanaotafuta karani au muuzaji, na mara nyingi hawaanzi na cheti. Huuliza, "Ustadh, anakaaje na watu?" Jibu analo aliyefanya naye kazi, na huenda ndiye huyo uliyemnunia mwaka mzima.

Basi akikufuata huyo msimamizi na jambo lililomkwamisha, mwelekeze vizuri, wala usimkumbushe ya zamani. Na kama unastahili kupandishwa, omba kwa barua, kwa adabu, ueleze unachokiweza. Subira haikukatazi. Nabii Yusuf mwenyewe alimwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi, akataja uaminifu wake na ujuzi wake.

Wabillahi tawfiq.